GTI ya 2007 au Swift Sport ya 2008? Gari la kwanza la kutengeneza mwenyewe, niko Nakuru

Kijana wa Section 58

Hamjambo wadau. Nina miaka 23, leseni ina mwaka mmoja, nakaa Nakuru. Nina shilingi 750,000, na hizo ni za kila kitu: gari, bima, spea. Natafuta hachibaki ya mbio ya miaka ya nyuma, niende nayo kazini na wikendi niwe naifungua mwenyewe. Nina seti ya soketi, jeki ya magurudumu, stendi mbili na ua wa ploti wenye sakafu ya simiti.

Nimebaki na mbili:

1. Volkswagen Golf GTI ya 2007, namba ya KBY, giaboksi ya DSG (inabadilisha gia yenyewe), dashibodi inasoma kilomita 128,000. Iko hapa Nakuru. Anataka 630,000. Taa ya injini inawaka, mwenyewe anasema "ni sensa tu".

2. Suzuki Swift Sport ya 2008, namba ya KCB, gia tano za mkono, kilomita 141,000. Iko Kisumu. Anataka 610,000. Gia ya tatu inakwaruza asubuhi, na bampa ya nyuma imepulizwa rangi upya.

Ningependa kujua ipi inafaa kwa mtu anayejifunza, nikague nini kabla ya kutoa pesa, na nibakishe ngapi. Asanteni.

Fundi wa Shabab

Kaka, anzia kwenye ile taa. Kama kweli ni sensa tu, mbona hajaibadilisha auze gari kwa bei nzuri? Hiyo sentensi isikupunguzie hata dakika moja ya ukaguzi.

GTI ya 2007 ina injini ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 200, na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini tamu sana, lakini ina mambo yanayohitaji mtu wa kuifuatilia. La kwanza ni pampu ya petroli ya presha kubwa. Inasukumwa na kemshafti, na katikati yake kuna tapeti, kikombe kidogo cha chuma chenye upana kama wa kizibo cha soda. Uso wake una ngozi nyeusi ngumu. Ngozi hiyo ikilika, chuma cheupe kinatokea katikati, kisha kikombe kinatoboka na kemshafti inaanza kutafuna pampu. Tapeti yenyewe ni bei ndogo. Pampu na kemshafti ndizo zinazomaliza akiba ya mtu.

Kuikagua ni kazi ya saa moja: injini iwe imelala usiku kucha ili presha ishuke, funika nati ya paipu kwa kitambaa unapoilegeza, toa boliti tatu za Torx T30 zinazoshika pampu, inua pampu, chomoa kikombe, kiweke chini ya tochi. Kikiwa cheusi kote, kirudishe. Ukiona mduara wa fedha katikati, weka kipya. Muuzaji akikataa usikifungue, mwambie afungue fundi wake ukiwa umesimama hapo. Akikataa na hilo, rudi nyumbani.

Halafu kuna belti ya taiming. Bila risiti inayoonyesha tarehe na kilomita, hesabu kwamba haijabadilishwa, na uibadilishe pamoja na pampu ya maji, tensiona na rola zake. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu.

DSG ya gari hilo ni ile ya gia sita yenye klachi zinazooga kwenye mafuta. Kila kilomita 60,000 inataka mafuta mapya, kama lita 5 na kitu, pamoja na filta, na kipimo huchukuliwa mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Wengi huku hawajawahi kuyagusa. Ijaribu ikiwa baridi kabisa: weka rivasi uhesabu. Ikichelewa kushika, ikiruka kati ya gia ya kwanza na ya pili, au herufi za gia kwenye dashibodi zikianza kumetameta, hiyo ni kazi ya mekatroniki (kompyuta na valvu za giaboksi) na klachi, na fundi anayeiweza vizuri kati ya Nakuru na Kisumu si kila kona.

Ichomeke kwenye mashine ya kusoma makosa kabla ya yote, ikupe namba zake. P0087 ni presha ya petroli kuwa chini, rudi kwenye ile tapeti. P0299 ni turbo kutofikisha presha: mara nyingi ni ngozi ya valvu ya kupumulia turbo iliyochanika, au paipu iliyopasuka. P0300 mpaka P0304 ni silinda kukosa moto: koili, plagi, au masizi kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo kuziosha. Na kama mashine haionyeshi kosa lolote, angalia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Visipokamilika, ujue kuna mtu amefuta makosa muda si mrefu.

Jibu langu: Swift. Si kwamba Golf ni mbaya. Kwa 630,000 na taa inawaka, unabaki na 120,000, na hiyo haitoshi kuitoa kwenye deni la matengenezo hata kabla hujaanza kujifunza.

Gia Sita

Nakubaliana na Fundi kuhusu hiyo moja, ila tusiwaogopeshe watu na GTI. Yenye gia za mkono, risiti ya belti na tapeti safi ni gari la kukaa nalo miaka. Na kuna kitu watu wa Nakuru wanakisahau: mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Swift Sport ya farasi 125 ikifika Nakuru ina mia na kidogo, na Timboroa inazidi kupungua. Turbo inafidia, kwa sababu kompyuta inaiamuru izunguke zaidi mpaka ifikie presha iliyopangiwa. Lakini turbo nayo inachoka zaidi kwa hiyo kazi, kwa hiyo mafuta ya injini yasipite kilomita 8,000: lita 4.6 za 5W-40 zenye kibali cha VW 502 00.

Mtu akikuletea programu ya kuongeza nguvu iliyoandikwa Ulaya kwa petroli ya oktani 98, usiiweke. Injini inaweza kugonga ndani kwa petroli yetu usisikie mpaka pistoni ipasuke.

Mlinzi wa Kibuye

Niongee kuhusu ile Swift, maana iko huku kwetu Kisumu.

Kwanza hakikisha ni Sport kweli. Kuna Swift nyingi za 1.3 na 1.5 zilizovalishwa bampa na beji. Namba ya chesisi ya Sport ya kizazi hicho huanza na ZC31S. ZC11S na ZC21S ni za kawaida. Injini iwe imeandikwa M16A, logbook (kadi ya umiliki wa gari) isome karibu cc 1,586, rimu ziwe na boliti tano na nyuma kuwe na diski. Mtu akikuonyesha "Sport" yenye boliti nne, mshukuru uende.

Bampa iliyopulizwa haisemi kitu mpaka uangalie kilicho nyuma yake. Fungua buti, toa zulia, toa tairi la spea. Tazama sakafu pale inapokutana na ukuta wa nyuma. Kiwandani waliweka gundi ya kuziba viungo, imenyooka na ina upana mmoja upande wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukiwa umepakwa kwa kidole, au kuna mikunjo kama ya karatasi iliyokunjwa ikanyooshwa, gari liligongwa mpaka ndani. Pitisha kidole kwenye boliti za bampa na za mlango wa nyuma. Rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe za boliti, zimewahi kufunguliwa. Mwanya kati ya mlango wa nyuma na taa uwe sawa pande zote mbili. Kama chuma kimenyooka na ni plastiki tu ilikwaruzwa na bodaboda, hiyo si sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kushusha bei.

Gia ya tatu. Kukwaruza asubuhi tu na kunyamaza ikipata joto mara nyingi ni sinkro (ringi inayolinganisha mwendo wa gia) iliyoanza kuchoka ikisaidiwa na mafuta mabovu. Weka 75W-90 ya daraja la GL-4. Usikubali GL-5 ya difu unayopewa dukani kwa kuwa "yote ni mafuta ya gia", dawa yake inaweza kula shaba ya sinkro. Ni karibu lita 2. Jaza gari likiwa limekaa sawa mpaka yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Ikiwa inakwaruza hata baada ya kutembea nusu saa, giaboksi itafunguliwa au utafute nyingine ya Japan, na hiyo pesa itoke kwenye bei ya muuzaji.

Sasa sikiliza giaboksi. Gari limewaka, gia iko nyutro, mguu uko nje ya klachi. Ukisikia mluzi au msago, kisha ukikanyaga klachi unanyamaza, ni beringi ya shafti ya kuingilia, na hizi Swift zinajulikana nayo. Ikiwa kelele inaanza unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Zote mbili zinataka giaboksi ishuke, na ikishuka badilisha sahani ya klachi, kava na beringi kwa pamoja. Hakuna mtu anayetaka kuishusha mara mbili.

Klachi yenyewe ipime kwenye mlima wowote usio na magari: kilomita 40 kwa saa, gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Sindano ya mizunguko ikipanda na gari halifuati, imekwisha.

Njoo asubuhi na mapema, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili usisikie cheni ya taiming. M16A ina cheni. Kugonga sekunde moja mbili inapoamka kunavumilika, ikiendelea zaidi ya hapo imelegea au mafuta yaliachwa yaishe. Chomoa kijiti cha mafuta kabla ya kuwasha.

Fundi wa Shabab

Naongeza moja kuhusu kupima kompresheni (presha ndani ya silinda). Injini ya moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, koili zimechomolewa, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata mizunguko mitano. Vitabu vinatoa namba za usawa wa bahari. Hapa Nakuru hewa ni nyepesi, na kipimo kitasoma chini kwa karibu asilimia 16 hadi 20, bila injini kuwa na kosa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, pungufu ni ndogo zaidi. Usikatae gari kwa namba moja moja. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya kubwa na ndogo ndiyo ya kuuliza. Mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi.

Beji Si Injini

Nje kidogo ya mada: ukikutana na Toyota RunX au Allex ya Z, iangalie. Lita 1.8, farasi 190, gia sita. Lakini karibu zote zilizoko barabarani ni za 1.5 zenye vazi la Z. Ya kweli chesisi yake huanza ZZE123 na injini ni 2ZZ-GE. Ukiipata, ipeleke kupita mizunguko 6,000 ikiwa na joto: lazima usikie sauti ibadilike na gari lipate msukumo wa pili. Usipoupata, boliti za lifti (mfumo unaoinua valvu zaidi) zimekatika au mafuta yako chini. Haimezi uzembe wa mafuta hata kidogo.

Dada wa Bima

Kijana, mimi nitagusa karatasi tu, kwa sababu wengi wanakagua tapeti na kusahau logbook.

Fanya utafutaji wa gari kwenye mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kusafiri. Jina litakalotokea liwe la mtu anayekuuzia. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na lake, gari limewekwa rehani, na deni lilipwe na jina hilo litolewe kwanza. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logbook, herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa, ukaguzi na uhamisho vitakwama mikononi mwako. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako. Salio lilipwe mkiwa mmekaa pamoja, mfumo ukiwa wazi mbele yenu. Broka anayekwambia "mwenyewe yuko nje, nitakutumia baadaye" hajakuuzia gari, amekuazima.

Kumbuka pia kwamba sheria ya miaka minane ya kuingiza magari inamaanisha gari la 2007 liliingia nchini 2014 ikichelewa sana. Kwa hiyo Golf hiyo ina zaidi ya miaka kumi kwenye matuta yetu. Muulize kama ana cheti cha ukaguzi wa Japan, huwa kimeandikwa kilomita za siku hiyo. Kilomita 128,000 leo zikikutana na 110,000 kwenye cheti, umepata jibu: dashibodi imerudishwa nyuma.

Bima: gari la umri huo, kampuni nyingi hazitaki kutoa bima kubwa, au zinataka kulithamini kwanza. Ukibaki na ya mtu wa tatu, fahamu kwamba inamlipa utakayemgonga, gari lako ni juu yako. Ukipata bima kubwa, soma mstari wa dereva mchanga: mara nyingi aliye chini ya miaka 25, au mwenye leseni changa, analipa kiasi cha ziada kutoka mfukoni kabla ya fidia. Na kila unachobadilisha, rimu, ekzosi, springi, kiandikishe kwao.

Kijana wa Section 58

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nitaenda Kisumu Jumamosi kuiona Swift. Akinishushia hadi 580,000 nitabaki na 170,000. Nianze na nini? Nilikuwa nafikiria ekzosi na springi za kushusha. Na je, naweza kuiendesha siku hiyohiyo mpaka Nakuru?

Fundi wa Shabab

Unaweza kuiendesha, lakini si kabla ya kuangalia mambo matatu kwa mwanga wa mchana. Tairi: namba nne za mwisho baada ya herufi DOT pembeni ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita, hata likiwa na meno, usipande nalo Kericho na mvua. Saizi yake ni 195/50R16. Maji ya rejeta: yakiwa ya kahawia, mtu amekuwa akijaza ya mfereji. Angalia mpira wa kifuniko cha rejeta. Nakuru maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, kwa hiyo kifuniko kilichochoka kinachemsha gari hata kama rejeta ni nzima. Tatu, baada ya kutembea dakika ishirini, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ya nyuma moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa imekwama.

Hiyo ya kalipa za nyuma itakuwa kazi yako ya kwanza nyumbani. Chomoa pini mbili zinazoteleza, futa grisi ya zamani iliyogeuka gundi, piga msasa laini, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira. Pini ikirudi lazima iteleze kwa kidole. Kisha badilisha mafuta ya breki yote, lita moja ya DOT 4, ukianzia gurudumu lililo mbali na silinda kuu: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Usiache kikombe cha mafuta ya breki kikauke katikati ya kazi.

Pesa zitumie hivi: mafuta ya injini 5W-30 na filta, lita 4 na kidogo. Plagi nne, filta ya hewa, mafuta ya gia, maji ya rejeta ya kweli na kifuniko kipya. Halafu breki. Halafu shokabzoba nne, bushi za mikono ya mbele na boljointi, kisha alaimenti. Tairi nne nzuri ikiwa zilizopo ni za kutilia shaka. Hapo 170,000 imeingia sehemu kubwa, na gari utalihisi limezaliwa upya kwenye kona. Ekzosi itakupa sauti na farasi wa kuhesabu kwa vidole. Hilo liache mwaka ujao.

Unapoinua gari, stendi ziwe chini ya alama za kiwanda kwenye ukingo, simiti iwe kavu, na gurudumu ulilotoa liweke chini ya gari kama akiba. Jeki peke yake haimshiki mtu.

Mlinzi wa Kibuye

Kuhusu springi: njia ya Nakuru kwenda Njoro na matuta ya mitaani hayana huruma kwa gari lililoshushwa. Ukishusha, isizidi sentimita 3, na springi zije na shokabzoba za urefu wake, la sivyo shoki zinagonga chini na kufa ndani ya miezi. Usiruhusu mtu akate springi kwa grainda au aichome moto ilegee. Chuma kilichochomwa kinapoteza ugumu, na siku moja kinavunjika ukiwa kwenye kona.

Na Jumamosi beba futi. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, gari likiwa limekaa sawa na halina mtu ndani. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, ingia chini na tochi uangalie springi: ama moja imevunjika sehemu ya chini, ama kuna aliyekata kabla yako. Nitumie hizo namba nne hapa kabla hujalipa.